Sema Asante, Ufunge Mdomo

Kwa miaka mitatu aliyonifundisha, Madamu hakuwahi kunisifia kitu bila kutoa penseli mara baada ya hapo. Naanza na penseli kwa sababu ndiyo tuliyoizoea kwanza, kabla ya sauti yake. Ilikuwa fupi, imechongwa kwa wembe, na aliichomeka kwenye kilemba juu ya sikio la kushoto. Ikishuka kutoka pale, ujue kuna mtu anaandikwa.

Wahadhiri wengine wa kike walikuwa Madamu fulani na Madamu fulani. Yeye alikuwa Madamu tu. Alifundisha Kiingereza cha mazungumzo katika chuo kimoja hapa Tabora, na pembeni ya kazi hiyo alikuwa na utafiti wake mwenyewe: mwanafunzi wa chuo akisifiwa kwa lugha isiyo ya nyumbani kwao, anajibu nini? Hilo nalijua leo. Wakati ule alisema atatueleza tukimaliza mwaka wa tatu, na sisi hatukuwa watu wa kusubiri maelezo. Tulijitungia yetu.

Niseme mapema kinachonifanya niandike. Katika faili moja pale chuoni kuna maneno niliyoyatamka mimi, mbele ya watu watatu, na maneno hayo ndiyo yaliyomwondoa Madamu kazini. Sikukusudia. Lakini faili haina sehemu ya kuandika kwamba mtu hakukusudia.

Siku ya kwanza alinikuta koridoni nikisubiri kipindi. Akaniambia kwa Kiingereza kwamba shati langu ni zuri sana. Nikamjibu kwa Kiingereza kwamba ni la kaka yangu. Mimi sina kaka. Shati nililinunua mwenyewe mnadani, baada ya kupekua rundo zima kwa karibu nusu saa. Penseli ikashuka, kaunta buku lenye jalada jekundu likafunguliwa, akaandika mistari miwili, akaenda zake.

Rafiki yangu Nassoro alikuwa ameegemea ukuta akitutazama.

"Kaka, umeandikwa."

"Nimeandikwa nini?"

"Mi' nitajuaje? Ila penseli imetembea. Na wewe nani alikutuma uvae shati la harusi siku ya Jumatatu?"

Bwenini kwetu ilikubalika kwamba Madamu anawapelekea taarifa watu wa mikopo ya masomo. Anayependeza sana atahesabiwa kuwa kwao wanacho, na mkopo wake utapunguzwa. Hakuna aliyewahi kuuona ushahidi, na hakuna aliyeutaka. Basi ikawa Madamu akisifia kitu, mwenye nacho anakikana. Viatu vilikuwa vya mjomba. Simu ilikuwa ya dada, ameniachia tu nimchajie. Ukisoma majibu yetu ya muhula ule, utadhani chuo kizima kilikuja kusoma kikiwa uchi na wapita njia wakakionea huruma.

Aliyevunja rekodi ni Regina, msichana wa Ntalikwa, mtoto wa mzee wa kanisa. Alikuwa amesuka nywele zake mwenyewe, ndefu, mistari imenyooka kama matuta ya karanga. Madamu akamwambia darasani kwamba amependeza. Regina akainuka na kujibu kwa Kiingereza cha kutetemeka kwamba nywele hizo ameazima.

"Umeazima nywele?" Madamu aliuliza, akarudi kwenye Kiswahili bila kujijua.

"Ndiyo, Madamu."

"Utazirudisha lini?"

Darasa lilicheka mpaka mlinzi akaja kuchungulia. Madamu hakucheka. Aliandika.

Ninachotaka kueleweka ni kwamba woga wa mkopo ulizidisha tu kitu tulichokuja nacho. Kwetu Kigwa, ukimwambia mama yangu kwamba mboga yake ni tamu, atakwambia leo imeungua. Ukimsifia mtoto mchanga, mama yake atadai ni mbaya, hana hata pua. Ukisifia kuku mara mbili, utaondoka naye amefungwa miguu. Na ukimsifia kijana kwa kazi nzuri mbele ya mkubwa wake, kijana lazima aikabidhi sifa hiyo kwa mkubwa: kazi ni ya mzee, mimi nilishika jembe tu. Kila aliyepo anajua jembe lilishikwa na nani. Asiyejibu hivyo ndiye anayesemwa usiku kucha.

Nassoro alitoka ukoo wa wafanyabiashara wa mjini, wale ambao mababu zao walitoka Omani wakafuata njia ya misafara, na kwao kulikuwa na utaratibu mwingine. Sifa isiyosindikizwa na mashaallah ni jicho linalokutafuta. Siku Madamu aliposifia saa yake na kunyamaza, Nassoro aliisubiri mashaallah, haikuja, akaivua ile saa akamshindilia mkononi.

"Chukua, Madamu. Yako hiyo."

"Siitaki, Nassoro."

"Mimi ndiyo siitaki tena."

Akaondoka. Madamu alizunguka na saa ya kiume mkononi mchana kutwa, huku nyuma yake maneno yakikimbia kwamba ameanza kupokea vitu vya wanafunzi. Kesho yake aliirudisha mbele ya darasa zima, akatuhesabisha kwa sauti mishale yake mitatu tushuhudie kwamba haijapungua. Ndivyo alivyokuwa. Aliwashuku watu kwamba wanamshuku, na mara nyingi hakukosea.

Yeye mwenyewe alipokeaje sifa? Hapa ndipo palipokuwa na kichekesho, na sisi tulikigundua mapema. Jibu lake lilikuwa moja kwa watu wote: "Unataka nini?"

"Madamu, leo umependeza."

"Unataka nini? Mtihani ni Jumatano, sisogezi."

Muuza nyanya wa sokoni alimwita "mrembo wangu", akaulizwa anataka nini, akasema anataka auze nyanya, na hilo Madamu alilikubali kuwa jibu la kweli, akanunua. Aliimba sauti ya pili katika kwaya ya Wamoraviani. Regina, aliyesali naye, alituambia kwamba mchungaji akianza kuishukuru kwaya, Madamu huinama akatafuta kitu kwenye mkoba mpaka shukrani zipite. Nilimwuliza Regina ni kitu gani anachotafuta. "Hamna kitu," alisema. "Nimeshauona ule mkoba. Una leso na kitabu cha nyimbo, na kitabu kakishika mkononi."

Mwanamke huyo ndiye aliyetufundisha kupokea sifa.

Somo lenyewe lilifanyika hivi. Tulisimama wawili wawili, mmoja amsifie mwenzake kwa Kiingereza, mwenzake aseme asante, basi. Asiongeze neno. "Sema asante, ufunge mdomo," alirudia, akipita katikati yetu na penseli. Ukisikia hivyo utadhani ni rahisi. Jaribu. Baada ya asante unabaki umesimama na sifa yako mikononi kama mtu aliyepewa mtoto wa jirani amshike, na mwenye mtoto haji kumchukua. Tulicheka, tulijikuna, tuliongeza. Asante, lakini ni mitumba. Asante, lakini wewe zaidi.

"Lakini ya nini?" alifoka. "Nani kakuuliza?"

Siku moja Nassoro alimbana. "Kwa hiyo Madamu, mama zetu wanakosea?"

Alifikiri kidogo. "Hawakosei. Mama yako anaongea na mtu anayejua kwamba hasemi kweli. Huko mnakokwenda, watu wataandika mlichosema."

Maneno hayo niliyaandika daftarini. Nilikuwa mwanafunzi mzuri, nakala zangu zilikuwa safi.

Alinisimamia tasnifu yangu ya mwaka wa mwisho. Niliandika juu ya kina mama wa Kigwa wanaouza chakula pembeni ya reli, jinsi wanavyomwita abiria dirishani kabla treni haijasimama: nani anaitwa mjomba, nani bosi, nani mwanangu, na kwa nini. Nilimaliza likizo nzima nimekaa juu ya ndoo iliyopinduliwa karibu na karai la mama yangu, nikiandika. Madamu alisoma kila ukurasa. Hakuwahi kusema ni nzuri. Aliandika pembeni kwa penseli: "Umejuaje?" Pengine mara sita katika ukurasa mmoja. Nikishaeleza nilivyojua, aliweka alama ndogo na kupita.

Mwisho wa mwaka huo ikatangazwa nafasi moja ya mwalimu msaidizi katika idara yetu. Madamu alikuwa ameshastaafu na anafundisha kwa mkataba, ambao ulikuwa unakaribia kuisha. Sikuona kwamba mambo hayo mawili yanahusiana. Niliitwa kwenye usaili.

Chumbani kulikuwa na watu watatu mezani: mkuu wa idara, mwandishi wa kikao, na mhadhiri mgeni kutoka nje ya nchi, mtu mpole mwenye miwani mizito. Madamu aliwekwa kwenye kiti pembeni kama msimamizi wangu. Hiki kiti ndicho kilichoharibu mambo. Nilikuwa nimefanya mazoezi ya asante usiku uliopita, lakini nilifanya nikiwa peke yangu.

Yule mgeni alifunua tasnifu yangu, akasema kwa Kiingereza kwamba katika zote alizosoma pale, hii ndiyo bora.

Nilifungua mdomo niseme asante. Nikamwona Madamu ameketi pale, mikono magotini, mama wa makamo ya bibi yangu. Nipokee sifa mbele yake nikae nayo? Nikajibu kwa Kiingereza safi, kile alichonifundisha yeye: "Hapana, ni kazi ndogo tu. Aliyeifanya ni Madamu. Mimi nilishika kalamu."

Mgeni akainua macho. "Yote?"

Huko kwetu mtu akiuliza hivyo anakupa nafasi ya kuonyesha adabu zaidi. "Yote," nilisema. "Bila yeye nisingeandika hata mstari mmoja."

Mwandishi wa kikao alikuwa akiandika. Mkuu wa idara, mtu wa hapa hapa, aliyejua fika nilichokuwa nasema, hakuinua kichwa. Nimelifikiria hilo mara nyingi kuliko mengine yote. Na Madamu, aliyekuwa na kaunta buku zima limejaa majibu kama langu, alinitazama kama mtu anayetazama nyoka aliyetoka kwenye kapu lake mwenyewe. Hakusema neno.

Nafasi haikupewa mtu. Madamu aliitwa kujieleza kwa nini anawaandikia wanafunzi tasnifu. Nilipeleka barua ya maelezo, na barua hiyo, nikiisoma leo, nasikia aibu mpaka masikioni: aya ya kwanza nzima nilimshukuru Madamu kwa kila kitu alichonitendea. Waliiweka kwenye faili kama ushahidi wa pili. Mkataba wake ulipoisha haukuongezwa, na aliondoka bila kuaga darasa.

Maneno yakaanza. Mtu mmoja alinambia usoni kwamba nimenunuliwa na aliyeitaka nafasi ya Madamu. Nilikana, naye akasema, "Wewe si ndiye unayekana hata shati lako?" Mimi nami nilikuwa na shuku yangu, na niliilea. Nilijiuliza kwa nini alinyamaza. Angeweza kulifungua lile kaunta buku pale mezani, akawaonyesha kurasa na kurasa za watu wenye nywele za kuazima, jambo likaisha. Nikaamua kwamba alinyamaza kwa sababu alitaka kuona nitafika wapi. Kwamba nilikuwa mstari wa mwisho wa utafiti wake. Kwa shuku hiyo niliweza kulala, kwa hiyo sikuichunguza.

Nilipata kazi kwenye redio moja mjini, nikisoma na kutafuta habari. Miaka minne ilipita. Mwaka jana nilitumwa Kwihara kuandaa habari ya barabara inayokwenda kwenye lile tembe la makumbusho. Mtembeza wageni, kijana mchangamfu, alikuwa ananionyesha mashimo, akacheka peke yake.

"Hapo mbele kuna mama mmoja mwalimu mstaafu. Wazungu walimsifia bustani yake, akaniuliza mimi, wanataka nini hawa?"

Nilizima kinasa sauti.

Nilimkuta uwani ameketi kwenye mkeka, anaanika matobolwa, vile viazi vitamu vilivyochemshwa na kukatwa, kipande kimoja kimoja, kwa mistari iliyonyooka. Kilemba kilikuwapo, na penseli.

"Shikamoo, Madamu."

"Marahaba." Hakuinuka. "Umekuja na nani?"

"Peke yangu."

"Umetumwa na nani?"

"Na redio. Kwa ajili ya barabara."

"Barabara iko huko nje."

Niliketi kwenye kigoda bila kukaribishwa. Alinisogezea sahani ya matobolwa ya jana na karanga. Kumnyima mgeni kungekuwa kosa, na hakuwa tayari kufanya kosa kwa ajili yangu. Tulitafuna. Ndipo alipouliza, kwa sauti ya darasani, "Walikupa nini?"

"Nani?"

"Waliokufundisha useme vile."

Nilielewa kwamba miaka yote minne alikuwa ameamini kwamba nilinunuliwa. Nikamweleza: kiti chake pembeni, mikono yake magotini, adabu. Alisikiliza akiwa ameinamia viazi. Nilipomaliza alinyoosha mstari mmoja wa vipande.

"Nina majibu ya namna hiyo mia na kitu," alisema. "Nilipokuwa nayaandika nilikuwa natabasamu. Lako lilipotoka nilisikia kitu kingine kabisa. Nilisikia mtu anayenitupa."

"Kwa nini hukuwaonyesha kaunta buku?"

"Ningewaonyesha nini, nami nilikuwa siamini kwamba lako ni adabu?" Akageuza kipande kimoja cha kiazi, akakirudisha kilivyokuwa. "Nimeomba kufundisha jioni kwenye kituo cha kanisa. Walipiga simu chuoni kuuliza habari zangu. Hawakunirudia. Lile faili bado linaongea."

Katika mkoba wangu wa kazi nilikuwa na barua. Sikuwa nimekuja nayo kwa ajili ya siku hiyo. Nilikuwa naibeba tangu mwaka juzi, nimeiandika upya sijui mara ngapi, na kila mara ilinishinda kuipeleka. Ilikuwa kwa chuo, ikieleza kwamba kazi ilikuwa yangu. Nikampa. Akashusha penseli.

Aya ya kwanza aliikata yote. "Mama mlezi, mwalimu asiye na mfano," alisoma. "Hii ya nini? Unataka wakuulize tena?"

"Ni kweli, Madamu."

"Sijauliza kama ni kweli." Akaendelea. Alikata "kwa unyenyekevu mkubwa". Alikata "huenda mimi ndiye niliyekosea". Alipofika katikati akasimama, akaandika pembeni neno lake lile la zamani: "Umejuaje?"

"Nimejuaje nini?"

"Unasema uliiandika wewe. Watajuaje? Niambie kama ulivyoniambia ya wale kina mama wa dirishani. Mtu akiisoma ataona nini ambacho mimi nisingeweza kukiandika?"

Nilifikiri. "Wewe hujawahi kushuka Kigwa."

"Sijawahi," alisema, na kwa mara ya kwanza alinitazama usoni. "Nimepita na treni tu, usiku, dirisha limefungwa. Haya, andika hilo. Andika na ile ndoo uliyokalia. Andika jina la mama yako na karai lake, waende wakamwulize."

Niliandika palepale, juu ya goti, kurasa mbili. Barua nzima haikuwa na asante hata moja. Aliisoma mara mbili, akaikunja, akanirudishia. Nilimwahidi kuipeleka kwa mkono kesho asubuhi na kudai nakala iliyogongwa muhuri. Akasema ataamini akiuona muhuri.

Nikainuka kuaga. Alikuwa ameshageukia mkeka wake, na maneno yalikuja akiwa amenipa mgongo, kwa Kiingereza, lugha ambayo hatukuwa tumeigusa mchana kutwa.

"Ile tasnifu ilikuwa nzuri sana."

Nilisikia ulimi wangu ukikimbilia kule ulikozoea. Ni wewe, Madamu. Bila wewe. Nilishika kalamu tu. Nikameza.

"Asante," nilimjibu kwa Kiingereza. "Niliiandika mwenyewe."

Mkono wake ulipanda kwenye kilemba, ukaigusa penseli. Akaona kwamba nimeona. Mkono ukashuka mtupu.

"Siandiki," alisema kwa Kiswahili. "Nimekusifu tu."

Nilishukuru tena kwa kichwa, nikatoka uwani, nikapita bustani yake bila kuisifia. Nilikuwa nimeshafika barabarani, kwenye mashimo yale, ndipo nikamwamini.